Aliyenipiga Istanbul hakuwa Mturuki

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama utaona ndefu basi punguza huku mwanzoni ninapolalamika, ila maelezo ya hela usiyaguse maana ndo niliyoandikia.

Kuna msomaji mwenzangu aliandika hapa majuzi kuhusu safari yake ya Uturuki, akasema Istanbul ni wizi mtupu, kuanzia dereva teksi mpaka muuza mahindi ya kuchoma, kwamba wakimwona mgeni tu bei inaruka mara tatu, akamalizia eti bora mtu abaki kwao ale ugali wake kwa amani. Mi niliisoma ile barua nikiwa dukani sina mteja, nikacheka, halafu nikaona hapana, huyu ndugu ameumia kweli lakini anawatisha watu bure, na wanaotishika ni wale mabinti wanaoanza biashara wana mtaji wa milioni tano au kumi, wanaogopa kwenda wenyewe, wanaishia kuagiza kwa mtu wa kati anayewapiga hapahapa Dar bila hata kupanda ndege.

Mi nauza nguo za kike Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe. Istanbul nimeenda mara saba. Mara ya kwanza ilikuwa 2019, ule uwanja mpya wa ndege ndo kwanza wamehamia, walihamia Aprili mwaka huo, na uko mbali kweli na mjini, kama kilomita 40, kule upande wa Bahari Nyeusi. Nimetoka nje usiku na mabegi yangu mawili matupu (si tunaendaga na mabegi matupu), nimechoka, simu haina mtandao, kijana kavaa suti ananiita madam madam, kashika begi langu kabla sijamjibu, ananipeleka kwenye gari jeusi linang'aa. Nikapanda. Bei sikuuliza. Mimi! Mimi ambaye hapa Kariakoo naweza kugombania mia mbili ya nyanya mpaka muuzaji aseme mama chukua tu uondoke. Tulipofika Laleli, ule mtaa wa maduka ya nguo za jumla, akanionyesha simu yake kaandika 90, dola, nikatoa, nikasema na asante.

Baadaye ndo nikaja kujua kule teksi zina rangi na rangi ni bei. Ya njano ndo ya kawaida, ya rangi ya turkuazi iko juu kidogo, nyeusi ni ya wenye nazo, mita yake inakimbia kuliko zote. Hakunidanganya hata, alinipeleka kwenye ya ghali na mi nikamfuata kama kondoo.

Lakini kilichonikaa rohoni si zile dola 90. Ni kwamba wakati yule kijana ananitazama pale nje nilishayaona yale macho mahali. Nimelala usiku nikayakumbuka: ni macho yetu sisi. Ndo tunavyomtazama mzungu akiingia dukani na kamera kifuani, kitenge cha elfu kumi na tano kinakuwa cha elfu arobaini hapohapo na wala hatuoni dhambi, tunasema ana hela huyo. Muulize mtu yeyote aliyepita Forodhani kule Unguja habari za mapapasi, wale vijana wanaowaganda watalii. Sasa nilipovuka bahari nikawa mzungu mimi, na rangi haihusiani, mzungu wa Laleli ni yeyote aliyechoka, ana haraka, na anaona aibu kuuliza bei. Hiyo aibu ndo inatuumiza. Mtu ana ubishi wote wa Kariakoo lakini akipanda ndege anaufungia kwenye begi lililoingia chini, anafika kule anataka aonekane mstaarabu.

Haya, tuanze na usafiri maana ndo pa kwanza kupigwa. Pale uwanjani kuna mabasi yanaitwa Havaist, makubwa, safi, begi linawekwa chini, unalipa kwa kadi, na liko linalokwenda mpaka Aksaray ambako ukishuka Laleli ni kutembea tu. 2025 nauli yake ilikuwa haifiki hata dola 10. Siku hizi kuna na metro, ile M11, ilianza 2023 na mwaka uliofuata ikafikishwa Gayrettepe, pale unabadilisha unapanda M2 mpaka Vezneciler na hapo umeshaingia mitaa ya maduka. Kwenda uwe na mabegi matupu metro inafaa sana, kurudi na mzigo usijaribu, zile ngazi zitakumaliza.

Mjini nunua kadi inaitwa Istanbulkart, zipo kwenye mashine kila stesheni. Kadi hiyohiyo moja unagongesha kwenye tramu, metro, basi, hadi boti. Tramu ya T1 ndo mkombozi wa mfanyabiashara, inapita Aksaray, Laleli, Beyazıt penye lile soko kubwa la Kapalıçarşı, Sultanahmet, Eminönü, unashuka unapotaka, hakuna dereva wa kukuzungusha. Na wale vijana wa pale Eminönü wanaouza safari za boti za Bosphorus, ile bahari inayougawa mji upande wa Ulaya na wa Asia, kwa kukukimbilia na makaratasi, waache waseme, nenda kwenye gati la boti za wananchi, gongesha kadi yako panda boti ya kwenda Üsküdar au Kadıköy na watu wanaotoka kazini, unaiona bahari ileile na misikiti ileile, unakunywa chai yao kwenye kikombe kidogo cha kioo, unarudi. Nauli ya daladala tu.

Ukilazimika kupanda teksi, panda ya njano, namba zao za Istanbul zinaanza na 34 halafu T, piga picha ubavuni penye namba kabla hujaingia, na ufanye hivyo akikuona. Hakikisha mita imewashwa. Mita yao haina bei ya usiku, mchana na usiku ni ileile, kwa hiyo akikwambia usiku ni mara mbili shuka. Ila mkivuka daraja kwenda upande wa Asia tozo ya daraja analipa abiria, hapo usigombane naye, ni utaratibu wao. Halafu kuna mchezo wa noti. Noti za lira zote zina sura ya Atatürk, usiku kwenye gari zinafanana, unampa 200 anaishusha chini ya usukani anakuonyesha 20, anakwambia madam umenipa ishirini. Mi sasa hivi nikitoa noti naitaja kwa sauti, namwonyesha, two hundred, tunatazamana, ndo naiachia. Mwanzoni nilikuwa naona kama namtukana, lakini si ndo tunavyofanya kwa konda tukimpa elfu kumi? Mbona pale hatuoni aibu.

Kuhusu kuchenji hela. Mbao za maduka ya kuchenji kule zimeandikwa döviz, na bei zinawaka kwa taa, safu mbili, alış (bei wanayonunulia) na satış (wanayouzia). Wewe unayeuza dola unatazama alış. Na ukitaka kujua duka lina roho gani usisumbuke kupiga hesabu, tazama pengo kati ya hizo safu mbili tu, pengo likiwa dogo ingia, likiwa kubwa pita. Uwanja wa ndege pengo lake unaweza kupitisha lori. Pale chenji dola 20 za maji na basi, nyingine zote mjini, maduka ya karibu na Kapalıçarşı yako mengi yanashindana. Na dola beba noti za mia mia mpya zisizo na mchoro wala kukunjwa, hii wote tunaijua tangu hapa nyumbani.

Kwenye kadi ndo watu wengi hawajui kabisa kama wanapigwa, na hapa msomaji mwenzangu kama alilipia hoteli kwa kadi basi aende akatazame mesej za benki yake. Ukichomeka kadi ya Visa ya benki ya Tanzania kwenye mashine kule, mashine inajua kadi imetoka wapi, inakuuliza unataka kulipa kwa lira au kwa hela ya kwenu. Mtu anaona shilingi, anafurahi, anasema ahaa hii naielewa, anabonyeza. Umekwisha. Hapo umewaruhusu wenye mashine wakuchenjie kwa bei yao wanayojipangia, na bei yenyewe mbaya kuliko ya benki yako. Bonyeza lira siku zote, uchenjiwe na benki yako. Kwenye ATM hivyohivyo, itakuuliza kwa maneno ya kupindapinda kama unakubali kiwango chao, kataa, hela itatoka tu. Hoteli moja binti wa mapokezi alinibonyezea shilingi yeye mwenyewe bila kuniuliza, nikamwambia futa, akasema ni sawa tu madam, nikamwambia kama ni sawa basi futa, akafuta. Siku hiyo nilijiona nimekua.

Tena kuna jambo moja la haki niwasemee Waturuki. Si kila bei iliyopanda ni wizi. 2019 dola moja nilikuwa napata lira tano na ushee, karibu sita. 2025 imepita 40. Oktoba 2022 mfumuko wa bei kwa hesabu za serikali yao wenyewe ulifika asilimia 85, hebu fikiria, unatoka kwenda kula mchana unakuta menyu wamebandika kikaratasi juu ya bei ya asubuhi. Kwa hiyo ukienda na bei alizokwambia shoga yako aliyeenda mwaka juzi, kila mtu utamwona mwizi, kumbe hata Mturuki mwenyewe analia. Uliza bei za mwezi huu, na uulize kwa dola.

Vivyo hivyo kwenye majumba ya makumbusho. Ayasofya, ule msikiti maarufu wa kale, tangu Januari 2024 mgeni anayekwenda kutalii analipa euro 25 kupanda ghorofa ya juu, na mwenyeji kwenye makumbusho mengi ana kadi yake ya bei rahisi. Ndugu yetu kaiita hiyo dhuluma. Sasa Serengeti sisi si tunalipa shilingi na mgeni analipa dola? Bei imeandikwa ukutani, kila mtu anaiona, ukitaka lipa hutaki acha. Mi sikulipa. Nilikwenda Süleymaniye, uko juu ya kilima hatua chache tu kutoka Beyazıt, msikiti aliojenga Mimar Sinan ukakamilika 1557, kuingia bure, kuna uwanja nyuma unatazama bahari yote, nikaswali, nikakaa pale saa nzima natuliza miguu. Na ule wa Sultanahmet wenye minara sita nao bure.

Chakula nitasema kwa kifupi. Mgahawa wenye mtu anasimama mlangoni kukuvuta mkono, usiingie. Mgahawa ambao menyu haina bei, usikae. Mgahawa unaokuletea mikate na saladi hujaagiza, uliza kwanza kama ni ya hela. Tafuta lokanta, vile vigahawa vya kawaida wanavyokula mafundi na wabeba mizigo wa Laleli, chakula kiko kwenye masufuria nyuma ya kioo unanyooshea kidole, supu ya dengu na mkate, wali na maharage, hata ukikumbuka nyumbani haikuumi sana. Asubuhi simit moja, ule mkate wa duara wenye ufuta, na chai. Maji nunua dukani mtaani, si kwenye kibanda cha mbele ya msikiti, na pale uwanja wa ndege hata usithubutu, bei za pale ni za euro na utanunua chupa ya maji ukitamani kuondoka na kioo cha duka.

Kuna yule mng'arisha viatu. Huyu nampenda kwa usanii wake jamani. Anatembea mbele yako na sanduku lake, brashi inadondoka, wewe mtoto uliyelelewa vizuri unamwita, baba baba brashi yako, anakushukuru karibu kulia, anasema lazima nikung'arishie viatu kukushukuru, anaanza, anakusimulia mtoto wake yuko hospitali, akimaliza anataja bei. Nimemwona mwingine Karaköy, mwingine Sultanahmet, brashi inadondoka kwa mtindo uleule. Mi nilikuwa nimevaa makubazi, ikadondoka pia! Nikamwambia kwa Kiswahili, baba okota mwenyewe, akacheka, nadhani alielewa.

Wanaume nao Taksim wajihadhari na rafiki wa ghafla anayewapeleka kunywa baa anayoijua yeye, bili inakuja ya mamia ya dola na mlangoni kasimama mtu mnene. Nimesikia vilio viwili hapa mtaani kwetu, wenyewe hawataki kusema walifuata nini kule, yaishe.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Safari ya pili nilijiona mjanja. Nimepanda basi, nina kadi, nimechenji mjini. Nikiwa Laleli natembea nashangaa maduka nikasikia, mama shikamoo. Mhariri we, moyo uliyeyuka. Ukiwa ugenini siku ya tatu hujasikia lugha yako, ukasikia shikamoo, unamwona mtume. Kijana mpole, kasema kwao Mbagala, anasoma kule, anasaidia tu wamama wa nyumbani wasipigwe na hawa Waturuki maana hawa watu mama si wazuri. Nikamwambia marahaba mwanangu, nikamnunulia chakula. Akanizungusha siku mbili, anaongea Kituruki kama maji, mi nimekaa nakunywa chai naletewa magauni. Bei akatafsiri yeye: dola 14 kwa moja. Kule Laleli ni jumla, toptan wanaita, hawauzi moja moja, wanauza kwa seri, yaani gauni hilohilo saizi zote zimefungwa pamoja. Za mle zilikuwa nne nne. Nikachukua seri 40, magauni 160, nikampa na yeye dola 50 ya asante kwa kunipunguzia.

Siku ya kuondoka nikakuta seri moja ina gauni limechanika kwapani. Kijana nampigia hapokei. Nikaenda mwenyewe. Yule binti wa dukani Kiswahili hajui, Kiingereza chake cha kuombea maji, mi Kituruki sijui, lakini lugha ya Laleli ni kalkuleta, kila mtu anaiongea. Akanibadilishia bila ubishi. Nikaona bora niongeze seri mbili za rangi nyeusi, nikamwonyesha vidole viwili, akachukua kalkuleta akaandika 11. Nikafikiri amekosea. Nikaandika 14, nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akaandika tena 11, akaniangalia, akamtazama mwenzake, wote wakaangalia chini.

Dola tatu kila gauni, mara 160, ni dola 480. Yule dereva wa gari jeusi wa mwaka ule aliniongezea labda hamsini, nikamsimulia kila mtu Kariakoo. Huyu wa shikamoo sikumsimulia mtu kwa miaka miwili, aibu. Na bado nilimlisha, nikampa na hamsini yangu juu.

Nilipokuja kuulizia kwa wenzangu nikaambiwa mbona hiyo inajulikana, si mmoja, na wala si Watanzania tu, kila lugha inayofika Laleli ina watu wake wa kuipokea. Anaongea na muuzaji kwa Kituruki mbele yako, juu ya bei anaweka yake, jioni anapitia duka moja moja anachukua chake. Muuzaji hapotezi kitu, yeye 11 yake amepata, kwa nini aharibu. Na kwenye kargo ni hivyohivyo, anakupeleka kwa wa kwake, kilo zinasomwa wewe uko nje unaongea na simu.

Sisemi wote. Kuna binti mmoja tunamtumia sasa hivi, mwaminifu, lakini tunamlipa kwa siku, bei tumekubaliana kabla, na tukiingia dukani mi ndo nachukua kalkuleta. Namwambia muuzaji niandikie. Yeye anatafsiri kitambaa, saizi, lini mzigo mpya unaingia, bei hatafsiri. Hiyo imemaliza kila kitu. Na siku ya kwanza sinunui hata soksi, natembea peke yangu na daftari, duka kwa duka, naandika bei naomba na kadi ya duka, siku ya pili ndo naingia na hela. Na naanzia maduka ya vichochoro vya juu, si yale ya barabara kuu yenye vioo vikubwa, gauni ni lilelile ila kodi ya kile kioo unalipa wewe. Ukitaka nguo za kiwango zaidi kuna Osmanbey, na Merter nako kuna viwanda vyenyewe karibu, panahitaji siku yake.

Kupatana napo watu wanakosea, wanafanya kama Kapalıçarşı kumbe Laleli si Kapalıçarşı. Kule kwenye soko la zamani lenye maduka elfu nne sijui ngapi, la watalii, bei ya kwanza ni hadithi, taja nusu, kunywa chai yake, hiyo chai haikufungi, ondoka, ataita. Tena Jumapili wanafunga, usipange siku yako ya mwisho Jumapili. Lakini Laleli ukimwambia mwenye jumla nusu anakuona hujui kazi. Pale unapunguziwa kwa wingi na kwa kulipa taslimu, dola moja, nusu dola kila kipande, na kwa magauni mia hiyo si kidogo, kodi ya fremu hiyo.

Simu nayo: laini za uwanjani bei yake ni ya watalii, ukiweza weka bando la eSIM, ile laini isiyo na kadi ya kuchomeka, kabla hujaondoka nyumbani, ununue ukiwa hapahapa Dar usingoje kule, la sivyo vumilia na wifi ya hoteli mpaka ufike dukani mjini. Na nyie mnaopita tu Istanbul mnaunganisha ndege kwenda kwa watoto Ulaya au Marekani, msikae kwenye viti vya uwanjani masaa tisa mnanunua kahawa ya bei ya kuku. Turkish Airlines wana matembezi ya mjini ya bure kwa abiria wao wanaosubiri kuanzia masaa sita, yanaitwa Touristanbul, wanakutembeza na chakula wanakupa, ila hakikisha pasi yako inaruhusiwa kuingia nchini maana sisi tunahitaji viza. Mama mkwe wangu alikaa pale kumi na moja hakujua, alivyorudi tukamwambia alinuna wiki.

Ombi langu kwako Mhariri ni moja. Nyie mna ukurasa wa biashara kila wiki, mnatuwekea bei ya dola na bei ya kahawa huko London ambayo mi siiuzi. Hebu tuwekeeni na bei za sisi wachuuzi wa kusafiri, nauli ya basi kutoka uwanjani mwezi huu, lira ngapi kwa dola, kilo ya kargo ya ndege kiasi gani, Istanbul, Dubai, Guangzhou, mistari mitano tu inatosha. Wenzetu wa vikundi vya kukopeshana wanazo hizo habari, zinazunguka kwa mdomo kati ya watu wanaojuana, anayeanza hana wa kumwambia, ndo maana anaamini kila shikamoo anayokutana nayo.

Na wewe ndugu uliyeandika, pole. Ila kwenye barua yako umesema ulipata bahati ya mwenyeji wako mmoja Mtanzania aliyekusaidia sana kwenye manunuzi, na yeye tu ndo alikuwa mtu mwema. Rudi kwenye risiti zako, kama una risiti.

Nimesahau kidogo. Ile Istanbulkart yangu ya 2019 bado inafanya kazi, nikirudi namwazima anayekwenda, hapa mtaani imeshasafiri kuliko mimi, imeenda na wa Manzese, wa Tandika, na mara ya mwisho aliichukua dada mmoja wa Mwanza anauza viatu, hajairudisha tangu Ramadhani. Dada kama unasoma gazeti hili, ilikuwa na lira 140 ndani, nasafiri tarehe 9.

Mama wa magauni,
Narung'ombe, Kariakoo,
Dar es Salaam